Shangazi, mheshimiwa anasema nisubiri

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Tabata. Ni katibu muhtasi wa mwanasiasa mmoja hapa Dar, mwaka wa sita sasa, na kwa miaka mitano nimekuwa mpenzi wake. Ana mke wa ndoa ya kanisani. Kwangu analala Alhamisi, gari analiacha mtaa wa pili. Anasema akistaafu siasa atanioa. Mkewe ana presha, na tarehe zake za kliniki naziandika mimi kwenye diari ya ofisi. Wenzangu wanasema baada ya miaka miwili sheria inanitambua. Nisubiri?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama hapo kwenye tarehe za kliniki. Mkono wako unaandika siku ya mwenzio kwenda kupimwa, na moyo wako unasubiri nafasi yake. Sikusimangi, nakuonea uchungu. Lakini hajakuambia hata mara moja kwamba ataachana naye. Sasa unasubiri nini, kama si mama wa watu afe?

Yupo mwanamke wa Uingereza aliyesubiri hivyo, Frances Stevenson. Mwaka 1911 aliajiriwa kumfundisha Megan, binti wa mwanasiasa David Lloyd George. Mwaka 1913 akawa katibu wa baba na mpenzi wake, akijua kabisa kwamba mke haachwi. Bwana akawa Waziri Mkuu kuanzia 1916 hadi 1922, na Frances alikuwa naye ofisini siku zote hizo. Alipozaa binti mwaka 1929, ilibidi watu waambiwe ni mtoto wa kuasili. Fikiria hapo, mwanangu: mtoto umemzaa mwenyewe, unamwita wa kuasili. Mke, Margaret, alifariki Januari 1941. Ndoa ikafungwa Oktoba 1943, bwana ana miaka 80, bibi harusi 55, na Megan yule yule aliipinga kwa uchungu. Machi 1945 Frances akawa mjane. Miaka 30 ya kusubiri, miezi 17 ya ndoa. Na huyo ndiye aliyefanikiwa.

Hilo la miaka miwili wenzako wamelisikia nusu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazungumzia watu wanaoishi pamoja na jamii ikawajua kama mume na mke. Anayeficha gari mtaa wa pili hataki ujulikane. Tena ndoa yake ni ya mke mmoja. Maadamu ipo, hawezi kufunga nyingine.

Kwa hiyo usisubiri. Una cheti cha uhazili na uzoefu wa miaka sita: anza kutuma maombi ya kazi wiki hii, kimya kimya, kabla hujamwambia lolote, maana mshahara wako uko mkononi mwake. Kama kuna kiwanja au akiba anayokuambia ni yenu, angalia hati ina jina la nani. Ukishapata kazi, mwambie ana kwa ana, mchana, wala si Alhamisi usiku.

Atalia. Wanalia sana hawa. Usibadili.

Na kuanzia kesho ile diari ya kliniki mrudishie, amwandikie mkewe mwenyewe. Ukipata jibu la kazi niandikie, nitakuwa nakuombea.