Jibu: mtoto anachanganya < na >, na kwa nini alama inageuka

Mkuu, umesema binti yako wa darasa la nne anachanganya < na >, na wewe mwenyewe umesahau kwa nini alama hugeuka ukigawanya kwa namba hasi. Nimefundisha tuisheni ya hesabu jioni kwa miaka kadhaa, nikujibu kwa niliyoyaona.

Hadithi kwamba alama ni mdomo wa mamba anayeachama kumla mkubwa wengi tumekua nayo. Inasaidia kuchora, kusoma haisaidii. Mtoto anaandika 3 < 7 vizuri, ukimwambia asome anakuambia "saba ni kubwa kuliko tatu". Ameanzia kulia. Akikutana na x > 4 anakwama, maana hajui mkubwa ni nani ili mamba amgeukie.

Chukua njiti mbili za kiberiti. Zilaze sambamba: nafasi kati yake ni ileile mwanzo hadi mwisho, hiyo ni =. Robert Recorde wa Wales alipoileta mwaka 1557 alieleza hivyohivyo, kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi ya mistari sambamba. Sasa zibane ncha upande mmoja. Palipobanwa anakaa mdogo, palipoachana anakaa mkubwa. Halafu mtoto atembeze kidole kutoka kushoto na asome kwa sauti: akianza na ncha, "ni ndogo kuliko", akianza na uwazi, "ni kubwa kuliko". Usimruhusu kuanzia kulia hata mara moja.

Kuhusu kugeuka, fikiria madeni. Una 3,000, jirani ana 5,000: 3 < 5. Geuza pesa zote ziwe deni. Sasa mwenye nafuu ni wewe, kwa hiyo −3 > −5. Kuzidisha au kugawanya kwa namba hasi kunaupindua mstari wa namba kwenye sifuri, aliyekuwa kulia akaenda kushoto. Ndiyo maana −2x < 6 inatoa x > −3. Hakikisha: x ikiwa 0 unapata 0, ni ndogo kuliko 6, sawa. Ikiwa −4 unapata 8, imekataa. Kujumlisha na kutoa hakugeuzi chochote, kunausogeza mstari tu.

Kinachoumiza watu wazima ni ≤ (ndogo kuliko au sawa na; kwenye kompyuta huandikwa <=) na ≥ (kubwa kuliko au sawa na), na hapo tatizo liko kwenye maneno. "Zaidi ya 18" ni > 18. "Kuanzia 18", "angalau 18" na "isiyopungua 18" zote ni ≥ 18. "Chini ya 10" inaiacha 10 nje, "isiyozidi 10" inaikaribisha. Nilikuwa naweka hesabu za kikoba chetu kwenye kompyuta, na sharti lilisema mkopo usizidi mara tatu ya akiba. Nikaandika < badala ya <=. Mama mmoja mwenye akiba ya 150,000 akaomba 450,000 kamili, jedwali likamkataa, akarudi nyumbani bila ada ya mtoto. Wiki iliyofuata nilipokagua nikaona ni alama moja tu iliyokosekana. Iliniuma sana. Tangu hapo nikiandika sharti lolote, namba ya kwanza kuijaribu ni ile ya mpakani.

Binti naye mzoeze hivyo mapema: mwambie "isiyozidi 10", kisha muulize kama 10 yenyewe imo.