Maswali ya Wasomaji: Saa ya Plymouth Hollow, Lebo Safi Mno na Pacha wa Gold Dust

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia jambo moja, nalo ni jambo nilipendalo sana: lebo za bidhaa za nyumbani za Marekani ya zamani, yaani za sabuni, saa, mifagio na dawa za kung'arishia majiko. Nimezaliwa Tanga, nimezeekea kwenye mitambo ya kuchapa, na sasa naishi Worcester, Massachusetts, ambako makaratasi haya bado yanashushwa kutoka kwenye madari ya nyumba za kale. Basi najibu kama mchapaji. Jicho langu huanza chini pembeni, kwenye herufi ndogo, ndipo lipande kwenye picha.

*Shikamoo mzee. Nyumbani tuna saa ya mbao aliyoiacha marehemu babu. Ndani, nyuma ya pendulamu, pamebandikwa karatasi iliyokwisha kugeuka rangi. Inasomeka "Seth Thomas, Plymouth Hollow, Conn." na chini yake maelezo marefu. Fundi anataka kuibandua apige mbao vanishi, halafu karatasi niitie fremu. Nimruhusu? Na saa ya Marekani ingefikaje Unguja?*
— Mjukuu wa Mwenye Saa, Unguja

Marahaba, mwanangu. Usimruhusu. Na vanishi nayo aiache.

Karatasi hiyo ndiyo inayosema saa yenu ni nani. Ukiitenganisha na sanduku lake, unabaki na saa isiyojulikana na karatasi isiyo na saa, na hakuna mtu atakayeweza kuthibitisha tena kwamba vilikuwa pamoja.

Kwa nini waliibandika humo ndani? Zamani katika jimbo la Connecticut, ndilo hilo "Conn." la lebo yenu, fundi wa saa alitengeneza moja moja, kwa mteja anayemjua, na ikiharibika mteja anamrudia. Kisha Eli Terry akafunga mkataba, mwaka 1807, wa kutengeneza mitambo ya saa 4,000, tena ya mbao, kwa muda wa miaka mitatu. Watu walimwona hana akili. Alitumia nguvu za maji kuendesha mashine zake, na vipande vikawa vinalingana, cha saa hii kinaingia kwenye ile. Seth Thomas, seremala, alikuwa mmoja wa waliofanya naye kazi hiyo, baadaye akawa na kiwanda chake. Saa zikawa nyingi kuliko majirani wa kuzinunua, zikabebwa na wachuuzi mpaka vijiji vya mbali visivyo na fundi hata mmoja. Hapo karatasi ikachukua nafasi ya fundi. Isome taratibu utaona: inaeleza namna ya kuisimamisha saa isiegemee upande, namna ya kuitia ufunguo, na kwamba ikienda mbio uteremshe kipande cha chini cha pendulamu, ikichelewa ukipandishe. Maelekezo hayo yanafaa hata leo.

Sasa jina la mahali. Seth Thomas alifariki mwaka 1859, na katika miaka ya 1860 kijiji cha Plymouth Hollow kilibadilishwa jina kikaitwa Thomaston, kwa heshima yake. Lebo za baadaye zinaandika Thomaston. Kwa hiyo yenu imechapwa kabla ya badiliko hilo. Ruhusu miaka michache ya ziada kwa saa yenyewe, kwa sababu kiwanda chenye rundo la lebo hakikimbilii kuzichoma moto.

Halafu shuka mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule ambao wengi hawausomi. Mara nyingi pana jina la mchapaji. Lebo nyingi za saa za Connecticut zilichapwa mjini Hartford, na mmoja wa wachapaji hao, Elihu Geer, alihama kutoka namba moja hadi nyingine katika mtaa uleule wa State Street. Kila alipohama, anwani kwenye lebo ilihama naye. Na jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: Geer huyohuyo ndiye aliyekuwa akichapisha kitabu cha mwaka cha anwani za wakazi na biashara za Hartford. Mwenye kitabu hicho na lebo yenye anwani anaweza kuikaribia miaka ya saa yake kuliko mwenye picha nzuri tupu.

Umeuliza pia saa ya Connecticut ingefikaje Unguja. Njia ilikuwepo, tena pana. Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts, akawa balozi mdogo huko kwenu. Meli za Salem zilishusha merikani, ile nguo ambayo bibi zetu waliijua kwa jina la nchi ilikotoka, zikarudi na karafuu, gundi ya sandarusi na pembe za ndovu. Pembe za Unguja zilikatwa katika miji ya Deep River na Ivoryton, katika jimbo hilohilo la Connecticut, zikawa vitana na vibao vya piano. Kwa hiyo waulize wazee waliobaki saa iliingiaje nyumbani, nani aliileta na kwa nani, uyaandike maneno yao wangali hai.

Kwa sasa fanya hivi. Piga picha karatasi hiyo mwanga ukitoka ubavuni, maana herufi zilizofifia huonekana zaidi hivyo. Mtambo ukitiwa mafuta, utolewe kwanza nje ya sanduku, kwa kuwa tone moja likidondokea lebo halitoki tena. Ukihofia vumbi, kata karatasi ya plastiki angavu ya poliesta uichomeke pembeni mwa sanduku bila gundi yoyote.

*Jambo mzee. Mimi ni Mkongomani, niko Columbus, Ohio. Kwenye soko la vitu vya kale nilinunua kifurushi cha lebo: za mifagio, za sabuni, na moja ya dawa ya kung'arishia jiko yenye mwaka 1876. Zote ni safi kama zimetoka mtamboni leo. Muuzaji ameapa kwamba zina zaidi ya miaka mia. Nimeibiwa?*
— Mpenda Karatasi

Usafi peke yake si ushahidi wa wizi. Kiwanda kilipofungwa, vifurushi vya lebo ambazo hazijabandikwa vilibaki stoo, kwake au kwa mchapaji, na vingine vimefunguliwa juzi tu. Za mifagio zinapatikana kwa wingi sana namna hiyo. Ni halali kabisa, ila nyingi ni za katikati ya karne ya 20, na bei yake inapaswa kuwa ndogo. Kwa hiyo swali lako liwe hili: zilichapwa lini, na kwa njia gani?

Nunua kioo cha kukuzia kama cha sonara. Kabla hujatazama, elewa unachokitafuta. Lebo nzuri za rangi za miaka ya 1870 mpaka 1890 zilichapwa kwa mawe, mbinu aliyoigundua Alois Senefelder huko Bavaria mwaka 1796. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe likalowanishwa, likapitishiwa wino wenye mafuta, na kwa kuwa maji na mafuta hayapatani, wino ukashika penye mchoro tu. Kila rangi na jiwe lake. Uso wa mtoto kwenye lebo ya sabuni ungeweza kupita mtamboni mara kumi au zaidi, na kila mara karatasi ilipaswa kukaa palepale. Vivuli vya shavu lile ni nukta zilizotiwa kwa mkono, moja moja, na mtu aliyeinama siku nzima. Nimeshinda maisha yangu karibu na mitambo, na kazi hiyo bado inaniinamisha kichwa.

Sasa weka kioo. Ukiona nukta zilizotawanyika bila mpango, nyingine kubwa nyingine ndogo, na mahali rangi moja imechungulia nje ya ukingo wa nyenzake, furahi: hilo ni jiwe. Ukiona nukta zimejipanga safu kwa safu au zikifanya vijiduara vinavyofanana, picha ilipigwa kwa kamera na kuchapwa kwa njia za baadaye. Ukiona vijitone vidogo sana kama vilivyopuliziwa, bila ukingo thabiti, hiyo ni printa ya nyumbani, na muuzaji wako ana la kujibu.

Kisha zima taa uimulike kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Viwanda vya karatasi vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe kuelekea miaka ya 1950. Karatasi ikiwaka buluu nyeupe, si ya karne ya 19, awe ameapa kwa nani.

Baada ya hapo yasome maneno ya kisheria. Ukikuta "Entered according to Act of Congress", yaani hakimiliki imesajiliwa kwa sheria ya Bunge, ikifuatiwa na jina la mahakama ya wilaya, uko kabla ya mwaka 1870. Baada ya hapo kazi ya kusajili hakimiliki ilihamia kwa mkutubi wa Bunge huko Washington, na lebo zinamtaja yeye. "Reg. U.S. Pat. Off.", yaani alama iliyosajiliwa kwenye ofisi ya hataza ya Marekani, kwa kawaida ni baada ya sheria ya alama za biashara ya 1905. Vyakula na dawa vilivyoandikwa dhamana ya sheria ya Juni 30, 1906 ni vya kuanzia 1907, sheria hiyo ilipoanza kutumika. Kutajwa kwa uzito halisi wa chakula kulilazimishwa mwaka 1913. Jina la mji likifuatiwa na namba ndogo ya eneo la posta, mathalani New York 13, ni 1943 au baadaye, na namba za posta za tarakimu tano zilianza 1963.

Kuhusu ule mwaka 1876: yaelekea ni mwaka wa medali, kwa sababu maonyesho makubwa ya Philadelphia yalifanyika mwaka huo na viwanda vilijivunia tuzo zake kwa miongo mingi. Ni vivyo hivyo kwa sabuni ya Ivory ya Procter & Gamble wa Cincinnati. Ilipewa jina hilo mwaka 1879, kutokana na Zaburi ya 45 inayotaja majumba ya pembe za ndovu, ambazo kwa Kiingereza ni ivory, lakini karatasi ya kuifungia yenye mwaka huo inaweza kuwa ya wakati wowote baadaye. Lebo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake. Hiyo ndiyo tarehe ya kuitafuta.

*Nina kopo la kale la unga wa kuumulia keki lenye lebo ya karatasi. Niliroweke kwenye maji ya moto ili lebo itoke?*
— Mama wa Kinondoni, Dar es Salaam

Hapana, mama. Baadhi ya wino wa zamani huvuja kwenye maji, na urembo ulioinuliwa kwa kugandamizwa hulala usiinuke tena. Kopo likae na lebo yake, mbali na dirisha na mbali na jiko. Kwa lebo zisizobandikwa, tumia mifuko ya poliesta na karatasi isiyo na asidi. Ile plastiki laini inayonuka, ya albamu za zamani, ina klorini na itakula karatasi. Seloteipu usiiguse, wala usizipeleke zikapigwe laminesheni. Na kwa hewa ya pwani, zifungue mara kwa mara uzikague, maana gundi ya lebo hizo mara nyingi ni wanga, na wadudu wanaijua.

*Mzee, naishi Minneapolis. Nimeonyeshwa boksi la Gold Dust lenye picha ya watoto wawili Weusi waliochorwa kama vinyago. Nilitaka kulinunua kwa sababu ni la kale, nikasikia aibu. Wewe ungefanyaje?*
— Msomaji wa Kike

Aibu hiyo iheshimu, dada, ila isikufukuze kwenye jambo lenyewe.

Gold Dust ilikuwa poda ya kusafishia ya kampuni ya N. K. Fairbank ya Chicago. Tangazo lake liliwaambia akina mama wa nyumbani wawaachie pacha hao wawafanyie kazi. Utumwa Marekani ulipigwa marufuku mwaka 1865, na bado, miongo kadhaa baadaye, kiwanda kiliweza kuuza sabuni kwa kumwahidi mnunuzi watumishi Weusi ndani ya boksi. Aunt Jemima ni hivyohivyo: unga wa chapati za maji ulioanza 1889, ukatangazwa kwenye maonyesho ya Chicago ya 1893 na Nancy Green, mwanamke aliyezaliwa utumwani Kentucky. Jina hilo liliondolewa kwenye pakiti mwaka 2021. Fanya hesabu uone limekaa jikoni kwa watu muda gani.

Mimi ninazo lebo za namna hiyo. Hazipo ukutani. Zimo kwenye jalada, kila moja na karatasi yenye jina la kiwanda, mji na miaka, kwa sababu ushahidi wa tusi ukitupwa, aliyetukana ndiye anayepata nafuu. Chuo Kikuu cha Ferris State, mjini Big Rapids, Michigan, kina jumba zima la makumbusho la vitu vya aina hii, linaloitwa Jim Crow, jina la ule mfumo wa zamani wa kuwabagua Weusi Marekani, na wanavitumia kufundishia. Ukiweza, litembelee kabla hujaamua.

Lakini kuna mpaka mmoja nisiouvuka: nakala mpya. Picha hizi ni kati ya zinazoigwa sana sokoni, kwenye mabati, makopo na karatasi iliyotiwa rangi ya uzee. Boksi la mwaka 1900 ni kumbukumbu ya kosa la wakati ule. Nakala ni mtu wa leo aliyewasha mtambo akachapa tusi upya, na fedha yako inamnunulia wino. Kwa hiyo nenda na kioo chako na tochi yako, ulikague boksi hilo kama nilivyomweleza ndugu wa Columbus. Likiwa la kweli, na ukiwa na nia ya kulitunza pamoja na habari zake zote, linunue. Likiwa nakala, mwambie muuzaji waziwazi kwa nini hulichukui.