Mji niliouona kutoka juu ya mapaa

Swali lenu la wiki hii limenikuta na masanduku mawili sebuleni: "Unauhama mji wa ugenini; ni vitu gani vya kila siku utakavyovikumbuka, vya macho na vya mdomo?" Mimi nauhama mji wa Maskati, Oman, baada ya miaka saba, narudi kwetu Tanga. Acha nijibu sasa, kabla mzani wa uwanja wa ndege haujanichagulia cha kubeba.

Kazi yangu ni ufundi wa viyoyozi. Mtalii anaujua mji huu kwa kutembea ufukweni Matrah, mimi nimeujua nikiwa juu ya paa, bisibisi mfukoni. Ukiwa huko juu unaona nyumba nyeupe, fupi fupi, maana hapa hawakushindana na Dubai kwa maghorofa. Nyuma yake milima ya mawe matupu, haina hata kichaka cha kumficha mbuzi. Na kila paa lina tangi la maji. Matangi hayo yatanichekesha mpaka uzeeni. Ikifika Juni, maji ya bomba la baridi yanatoka yanachoma, kwa kuwa yameshinda juani. Basi watu wanazima hita ya bafuni, maji yaliyotulia mle ndani kivulini ndiyo yanakuwa ya baridi. Ukitaka kupoa unafungua bomba lenye alama nyekundu. Mgeni ukimwambia, anadhani unamtania.

Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. Saa tatu hizo mji unakuwa kama umehamwa. Tunajilaza kwenye kivuli cha msikiti, paka upande mmoja, mafundi upande mwingine, hakuna anayemsumbua mwenzake.

Lakini ladha ya Maskati ni ya jioni. Kuna chai wanaiita karak: majani, maziwa ya kopo, iliki na sukari, vinachemshwa pamoja mpaka rangi inafanana na tofali. Kuteremka kwenye gari ni ushamba. Unasimama mbele ya mgahawa, unapiga honi, anatoka kijana wa Kerala, kule India, unamwonyesha vidole viwili, na baada ya dakika chache vikombe viwili vya karatasi viko dirishani. Nilipofika kikombe kilikuwa baisa mia, na baisa elfu ndiyo riali moja.

Pamoja na chai unaagiza kitu ambacho hakimo katika vitabu vya wageni. Chips Oman ni krispi za viazi zenye pilipili. Wanachukua chapati ya tabaka tabaka ya Kihindi, wanaipaka jibini laini, wanaivunjia krispi hizo juu, wanamwagia pilipili ya chupa, wanaikunja. Siku ya kwanza nilicheka, nikasema hiki ni chakula cha mtoto aliyeachwa nyumbani peke yake na ufunguo wa kabati. Leo ndicho ninachokiwazia nikiwa na njaa. Mngetegemea nitaje mishikaki: ipo, inachomwa kando ya barabara, inaliwa na mchuzi wa ukwaju, hata jina ni lile lile. Ya nyumbani nayo ipo, kwa hiyo siililii. Halwa yao nayo ni tamu, ila mimi vijiko viwili vinanitosha mwaka mzima.

Kuna nyumba moja huku Seeb nitaikumbuka kuliko mji wenyewe. Niliitwa kutengeneza kiyoyozi, nikawa nazungumza Kiswahili na msaidizi wangu, mara sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Nyie, msinimwagie maji kwenye zulia langu!" Shikamoo ilinitoka kabla sijageuka.

"Marahaba, baba. Kwenu wapi?"

Bibi huyo aliondoka Unguja akiwa msichana, mwaka 1964. Baada ya 1970, Sultani Qaboos alipoingia na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, familia yake ikaja hapa pamoja na nyingine nyingi, na Kiswahili chao wakaja nacho. Chake hakijazeeka wala kukua: gari bado ni motokari. Aliniuliza kama embe boribo bado zipo. Nikamwambia zipo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei.

Tangu siku ile kiyoyozi chake kikawa kinaharibika ovyo, hasa Ramadhani. Nikifika nakuta hakina ubovu wowote, ila kuna bakuli la boko boko limemwagiwa samli, ambalo wajukuu wake wanaliita harisi. Nilikuwa nasafisha chujio hata hivyo, nisile bure. Vumbi la nyumba ile linanukia ubani, kwa jinsi chetezo kisivyozimwa. Nimefungua vyujio vingi katika mji huu, na vingi vinanukia hivyo hivyo.

Joto silikumbuki hata kwa dawa. Wala Ijumaa mchana, kila mtu yuko kwa mama yake na mimi nimekaa na simu.

Sandukuni nimeweka ubani wa Dhofar kilo mbili na katoni ya Chips Oman, na mke wangu anauliza televisheni iko wapi. Chapati Tanga zipo, maziwa ya kopo yapo, iliki ndiyo usiseme. Kilichobaki ni honi. Nikiipiga mbele ya mgahawa pale Ngamiani, watatoka watu kuniuliza nimemgonga nani.