Maswali ya Wasomaji: Haki za Wafanyakazi wa Hospitali

SWALI: Nasafisha wodi katika hospitali ya kibinafsi hapa Mombasa. Tulijaza fomu za chama cha wafanyakazi, hospitali ikasema sisi si watu wake. Huu mwaka wa pili tunaitwa vibarua. Tufanyeje?
Msafishaji, Likoni

JIBU: Dada, tazama jina la mwajiri kwenye hati yako ya mshahara. Likiwa la kampuni ya usafi iliyopewa zabuni, hapo hospitali imesema kweli, na fomu zenu hazikufika kwa anayehusika. Kampuni ndiyo itakayokata ada na ndiyo itakayodaiwa kutambua chama, yaani kukubali kujadiliana nacho. Chama cha KUDHEIHA huandikisha wahudumu wa hospitali, lakini muulizeni katibu wa tawi kama katiba yao inawaruhusu walioajiriwa na kampuni za usafi. Kujiunga na chama kisichoruhusiwa kuwaandikisha pekee hutosha kuangusha kesi.

Jazeni upya fomu S, ile ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya mshahara, sahihi, tarehe. Chama kizipeleke na kirudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hapo ndipo zinaanza siku 30 ambazo Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inampa mwajiri aanze kukata ada. Bila muhuri atasema hakuona karatasi.

Kutambuliwa kunahitaji zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kuwa wanachama, na mameneja hawahesabiwi. Mkiwa 84, zinatakiwa 43, lakini kusanyeni 55: kabla ya kuhesabiwa wengine watakuwa wameacha kazi, na wengine itagunduliwa wamesaini vyama viwili. Mwajiri akikataa, chama hupeleka suala kwenye upatanishi, na likishindikana, Mahakama ya Ajira na Leba.

Kuhusu ukibarua, soma kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira. Aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika ndani ya miezi 3, hawezi kuendelea kuhesabiwa kibarua. Kupiga deki wodini ni kazi ya kila siku, haina kumalizika. Piga picha rota kila wiki na usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Tena, kumfuta mtu kwa sababu amejiunga na chama kumekatazwa na kifungu cha 46.

SWALI: Mwajiri alitia saini mkataba wa CBA, ule wa pamoja kati yake na chama, nyongeza ya mshahara hatujaiona. Tugome?
Nesi, Kisauni

JIBU: Kwanza ulizeni kama mkataba umesajiliwa mahakamani, maana bila usajili hauna nguvu ya kumlazimisha mwajiri. Madaktari wa chama cha KMPDU walitia saini mkataba wao 2013, serikali ikashikilia kwamba haukusajiliwa, na mgomo wa Desemba 2016 ukadumu siku 100. Februari 2017 viongozi wao 7 walifungwa kwa kukaidi amri ya mahakama. Madai yao yalikuwa ya haki kabisa, ndiyo maana inauma kuona pengo la usajili likigeuzwa silaha dhidi yao.

Mgomo hutanguliwa na upatanishi na ilani ya maandishi ya siku 7. Isitoshe, sheria imeweka hospitali kati ya huduma muhimu, na migogoro yake hupelekwa mahakamani badala ya kugomewa. Kama mkataba umesajiliwa, kila mmoja apige hesabu ya malimbikizo yake mwezi kwa mwezi, aambatanishe hati za mshahara, chama kiende kudai utekelezaji.

SWALI: Nafua mashuka ya hospitali. Nimechomwa na sindano iliyoachwa ndani ya shuka. Msimamizi anasema ni uzembe wangu.
Mfuaji, Changamwe

JIBU: Pole sana, ndugu. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikiminye. Nenda leo hii ukaanze dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Mwisho ni saa 72, na humezwa siku 28. Uliza pia kinga ya homa ya ini aina ya B.

Mwarifu mwajiri kwa maandishi mara moja, ubaki na nakala. Naye ana siku 7 za kumjulisha mkurugenzi wa usalama na afya kazini, hata akidhani kosa ni lako. Glovu ni wajibu wake, asikukate hata shilingi.

Sindano huingia shukani kisanduku cha kuzitupia kikiwa mbali na kitanda: nesi mwenye wagonjwa wengi huiweka godoroni, kisha huitwa kwingine. Penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria inataka kamati ya usalama. Iambieni idai kisanduku karibu na kila kitanda, kibadilishwe kikijaa robo tatu.