Kabla hujanunua drili ya kazi, mtafute kwanza atakayeitengeneza

Nyie mnaoanza kazi za umeme, bomba, alminiamu, fanicha, naomba niwaambie kitu ambacho mimi nilikuja kukijua nimeshapoteza hela na wateja. Mtu akienda kununua drili anauliza wati ngapi, inazunguka kasi gani, zege inatoboa au haitoboi. Sawa uliza, ila swali la kwanza kabisa liwe hili: siku ikigoma nani anaitengeneza na itakaa kwake siku ngapi? Maana itagoma tu. Kaboni, vile vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zinaisha, swichi inachoka, waya unakatikia kwa ndani pale unapoingilia kwenye mpini, vumbi la zege linaingia kwenye beringi. Hata ile ya bei mbaya kabisa yataikuta hayo.

Drili yangu ya kwanza ya maana niliichukua kwa sababu ilikuwa na wati nyingi kuliko zenzake kwa bei ileile na imekuja kwenye sanduku gumu zuri. Miezi minne ilipiga kazi vizuri sana, sisemi uongo. Siku moja nipo juu ya ngazi natoboa matundu ya breketi, nimeshamaliza matundu 11 kati ya 16, nikasikia mlio umebadilika, inakwaruza, halafu ikaja ile harufu ya vanishi inayoungua, anayeijua anaijua, na kamoshi kembamba kanatoka kwenye matundu ya hewa. Amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, imeenda. Waranti ninayo ya mwaka mzima kwahiyo sikuogopa, nikaipeleka nilikonunua, wakaipokea vizuri tu, wakasema spea inaagizwa. Njoo wiki ijayo, njoo mwisho wa mwezi, njoo mzigo ukifika. Ile kazi nikaimalizia na mashine ya kuazima, nikawa namsubiri mwenyewe amalize zake usiku ndo na mimi nianze. Waranti walikuwa wanaikubali kabisa, hawakunikatalia, ila kipande chenyewe hakipo.

Tangu hapo siendi dukani kwanza, naenda kwa fundi anayetengeneza hizi mashine. Nakaa pale naangalia zilizolala chini zinasubiri nini. Ila hapa msikosee, ukikuta kampuni moja imejaa pale usiseme ndo mbovu, inawezekana ndo watu wengi wanayo. Muulize fundi hizi zimekuja na tatizo gani. Akisema kaboni, swichi, waya, hizo zimetumika zikachoka kama inavyotakiwa. Akisema gia zimesagika na mashine ina miezi michache, hapo kimbia. Halafu muulize ipi anaikataa kuipokea, na kwanini. Mara nyingi atakwambia ile ambayo spea zake hazipatikani, kwahiyo anakuwa anaua nyingine ili atoe kipande.

Kampuni zilizojipanga kama Makita au Bosch zina michoro inayoonyesha mashine ikiwa imefunguliwa na kila kipande kina namba yake. Kwahiyo kabla hujalipa, chukua namba ya swichi ya modeli unayoitaka, kaulizie kama ipo na inachukua muda gani. Kipande kidogo tu hicho kitakuonyesha huduma yao ikoje, kuliko maneno ya muuzaji.

Angalia pia kama kaboni zinatolewa kwa nje. Mashine nyingi za kazi zina vifuniko viwili vidogo ubavuni, unafungua na bisibisi bapa, kaboni inasukumwa na springi inatoka yenyewe. Dakika tano umemaliza. Ikibaki kama milimita 5 au 6 badilisha, na badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukichungulia kwenye matundu ya hewa ukaona cheche ndogo ndogo za bluu hiyo kawaida, ukiona moto wa njano unazunguka kama pete, zima palepale usiseme namalizia hili moja, maana hilo moja ndo linaloondoka na amecha.

Na mengi tunayoita ubovu tunayasababisha sisi. Drili ya kawaida yenye kugonga inagonga kwa visahani viwili vyenye meno vinavyosuguana, kwahiyo kwenye zege unaikandamiza mpaka mota inachemka. Kama zege ndo kazi yako ya kila siku nunua ya SDS, ile ambayo biti unaichomeka tu inajifunga yenyewe, ile inagonga kwa pistoni na hewa, ukiikandamiza sana hauongezi kitu. Biti zake hazikufungi kwenye kampuni moja, mkia wa SDS-plus, ile ndogo, ni milimita 10 na wa SDS-max, ile kubwa, ni 18, kampuni yoyote.

Betri ndo inakufunga. Ukinunua ya kuchaji umenunua na kampuni, betri ya hawa kwa kawaida haiingii kwa wale, kwahiyo ulizia betri peke yake inauzwa wapi kabla ya mashine. Na usidanganyike na 18V na 20V Max, zote ni seli 5 zimefuatana, huyu anahesabu volti 3.6 kwa seli, yule anahesabu 4 ikiwa imejaa.

Waranti isome yote. Kaboni na kile kichwa kinachobana biti kwa kawaida havimo, na ukiifungua mashine mwenyewe mara nyingi waranti imekufa. Kuna mashine ni za matumizi ya nyumbani, ukizifanyia biashara waranti inapungua au haipo. Bosch kwa mfano wanatenganisha kwa rangi, bluu ya mafundi, kijani ya nyumbani. Risiti ipige picha siku hiyohiyo pamoja na namba ya mashine pale kwenye kibati, zile karatasi za mashine ya risiti zinafutika, mimi yangu ilishakuwa nyeupe tupu mwezi wa tano tangu ninunue.