Faili za majaribio nazo zikaguliwe
Ndugu, umeuliza kama ESLint, zana ya kukagua msimbo wa JavaScript, ipite hata kwenye faili za majaribio au iziruke. Tafadhali usiziruke. Katika timu yetu hapa Nairobi, mwenzetu mmoja alipokuwa akitafuta hitilafu ya malipo aliandika it.only, alama ya kuteua jaribio moja, akasahau kuifuta, na kwa kuwa Jest, zana inayoendesha majaribio, huendesha jaribio hilo pekee na kuyaacha mengine yote yaliyomo katika faili hiyo, matokeo yaliendelea kuwa ya kijani huku kosa jingine likipita mbele ya macho yetu. Kanuni ya jest/no-focused-tests, iliyomo katika programu-jalizi ya eslint-plugin-jest, huinasa it.only iliyosahaulika mara moja. Katika eslint.config.js, faili ya mipangilio ya ESLint, ongeza kipengele kinacholenga faili zinazoishia na .test.js, isajili programu-jalizi humo, iwashe kanuni hiyo kwa kiwango cha error, kisha uzilegeze kanuni zisizofaa majaribio, kama vile max-lines-per-function inayowekea kikomo mistari ya kila funksheni, kwa sababu describe moja, yaani kundi la majaribio, hurefuka bila kosa la mwandishi. Muhimu zaidi, ukaguzi uendeshwe na seva kabla msimbo haujaunganishwa na tawi kuu. Mwenzetu yule alikuwa na ESLint kwenye kompyuta yake, ila jioni ile hakuiendesha.