Shangazi, tumempenda mvulana wa Tanga. Tumlete vipi Mombasa?

Assalamu alaykum Shangazi. Nina miaka 38, mume wangu ana 45, twaishi Kisauni na binti yetu wa miaka minane. Tangu nimzae yeye sikujaaliwa tena. Mume wangu huenda Tanga kwa biashara, na huko tukaanza kupeleka sadaka kwenye makao ya watoto. Ndipo tukajuana na mvulana wa miaka kumi. Mamake alifariki, babake hajulikani aliko. Ana bibi yake Pangani, huja kumtazama siku ya Idi. Twampenda sana na twataka awe mwanetu. Kuna mtu atuambia mambo ya mahakama ni marefu, yeye atatutolea cheti cha kuzaliwa cha hapa Kenya kisha tumvushe mpaka wa Horohoro kama mtoto wa ndugu. Mavyaa naye ashika lake: samaki mkunje angali mbichi, huyo ameshakauka, tafuteni kichanga. Nifanyeje?
Mama Binti, Kisauni

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Umeniandikia mengi, lakini kuna moja umelitaja ukalipita mbio, nami ndilo lililonishika: mtoto huyu ana bibi yake. Mzee anayefunga safari kutoka Pangani hadi Tanga kila Idi amtazame mjukuu wake si mtu wa kutajwa kwa maneno mawili. Kabla hujauliza mtoto atafikaje Kisauni, uliza kwa nini halali nyumbani kwa bibi yake. Watoto wengi walio kwenye makao wana jamaa walio hai. Kilichowafikisha huko ni ufukara, maradhi, au shule iliyo mbali. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa 2009, yasema waziwazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na watu wake. Basi ikiwa kinachomshinda mzee huyo ni unga, sare na paa linalovuja, wewe na mumeo mwaweza kuanza kumsaidia mwezi huu huu, bila wakili wala mpaka.

Najua hilo si ulilolitaka. Ulitaka mwana wa kumwamsha alfajiri na kumfunga vifungo vya shati, hukutaka kutuma pesa kwa simu. Uchungu wako naujua na siudharau. Lakini aliyefiwa na mama, akakosa baba, amebakiwa na mtu mmoja wa damu yake anayemkumbuka. Ukimtoa kwake kwa nia njema, bado umemtoa.

Pengine bibi ni mgonjwa, au atasema mwenyewe kwamba nguvu zimemwishia. Hapo mazungumzo yaendelee, naye akiwa ndani yake.

Sasa huyo mtu wa cheti. Achana naye leo, wala usimpe senti wala picha ya mtoto. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010, na cheti cha kughushi ni kosa lake lenyewe. Askari wa Horohoro au Lunga Lunga haoni kilicho moyoni mwako. Aona watu wazima wawili na mtoto wa wenyewe mwenye karatasi za uongo, na hivyo ndivyo mtoto aliyeibwa huonekana. Mkipita salama, huyo mtu atakuwa na siri yenu mkononi maisha yenu yote, akiwa na shida atawabishia mlango. Na mtoto je? Kila anaposajiliwa mtihani cheti kitatakiwa. Akifika 18 aende kutafuta kitambulisho, nasi watu wa pwani twajua maswali ya meza ile: babako nani, babuyo nani, mmezaliwa wapi. Mtamfundisha kujibu nini? Mtoto wa miaka kumi akumbuka jina la mamake. Kumwambia asahau jina hilo ili karatasi zikae sawa ni dhuluma, mwanangu, sina neno jingine la kuiita.

Njia ya halali ipo, ila ni ndefu, tena kwenu ina kikwazo ambacho huyo mtu hakuwaambia. Mtoto ni wa Tanzania, kwa hivyo sheria ya kwao ndiyo inayotangulia. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania yataka mgeni anayetaka kuasili, yaani kumchukua mtoto awe wake kisheria, awe ameishi nchini humo miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto kwa muda chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, kabla ya mahakama kutoa amri. Isitoshe, Kenya iliingia Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi mwaka 2007, lakini Tanzania haimo. Kwa hivyo ule utaratibu wa serikali mbili kupokezana faili la mtoto kwa mujibu wa mkataba, kwenu haupo. Usiwaone Watanzania wabaya kwa masharti yao. Serikali yetu wenyewe ilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya mwaka 2014, kwa hofu hiyo hiyo ya watoto kufanywa biashara.

Maana yake kwenu ni kwamba mhamie Tanga kwa miaka, au mumlee akiwa huko huko. Mumeo ana shughuli Tanga, kwa hivyo la kwanza si ndoto, lakini ni uamuzi wa kupimwa na nyumba nzima, shule ya binti yenu ikiwemo. Vyovyote iwavyo, mlango wa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii pale Tanga. Ombeni kujua faili la mtoto lasemaje: nani alimleta, baba ametafutwa vipi, na je, kuna ndugu wengine. Baba aliyepotea bado ni baba mbele ya sheria mpaka mahakama iseme jingine. Mambo ya wakili yaje baada ya hapo, na awe wakili wa huko.

Umenisalimia kwa salamu ya Kiislamu, kwa hivyo nitaligusa na hili, maana watu wengi huliacha mpaka limewafika shingoni. Dini yetu inatuhimiza kumlea yatima, lakini haituruhusu kumgeuza nasaba. Aya ya tano ya Suratul Ahzab yatuamuru tuwaite watoto kwa baba zao. Malezi hayo ya kumlea yatima bila kumbadili ukoo ndiyo kafala, na Sheria yetu ya Watoto ya 2022 imeitambua miongoni mwa njia za malezi. Atabaki na jina la babake. Hatawarithi kama mtoto wa kuzaa, ila mwaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi. Kubwa zaidi ni hili: kunyonyesha kunakojenga umaharimu, yaani udugu unaoharamisha ndoa, ni kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Huyu ana kumi. Akibalehe, nako si mbali, hatakuwa maharimu wako wala wa binti yako. Kaeni na sheikh mnayemwamini, au mwende kwa kadhi, mpange vyumba, mavazi na mazoea ya nyumba kabla hajaingia. Mtoto aliyezoea kukulalia mapajani, akaambiwa ghafla ana miaka 13 kwamba asikukaribie, hataelewa fiqhi. Ataelewa kwamba ametupwa mara ya pili.

Kuhusu mavyaa, mheshimu lakini usimwachie uamuzi. Ni kweli mtoto wa miaka kumi huja na tabia zake. Aliyelelewa kwenye makao aweza kuficha mkate chini ya mto hata kama jiko limejaa, akadanganya jambo dogo lisilo na faida, akakutukana siku uliyomnunulia viatu ili aone kama utamrudisha. Hayo hupungua kwa mtu asiyeondoka, na huchukua miaka. Kuna na la shule. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili; hapa kuanzia Gredi ya 4 masomo ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani Tanga aweza kukaa nyuma Kisauni akaonekana mjinga, na binti yako mdogo akawa anamsahihisha kwenye meza ya chakula. Mavyaa akisema kichanga ni rahisi, katika hili hajakosea. Lakini kutafuta kichanga ni kitu kingine. Ninyi mmempenda huyu. Na kama mapenzi yenu ni kwa mtoto yeyote mkubwa asiye na mtu kabisa, hapa kwetu nao wapo, na afisa wa watoto wa kaunti atawapokea bila mpaka wowote kati yenu.

Katika barua yako yote sikuona pahali mvulana mwenyewe alipoulizwa. Usimuulize bado. Akisikia neno Mombasa leo, kesho ameshawaaga wenzake, na msipokuja ataamini kosa ni lake. Nendeni kwanza Pangani, wewe na mumeo, bila mwenye makao na bila bahasha mkononi, kwa sababu mzee akiona pesa atajibu mnachotaka kusikia. Ketini naye mchana mzima. Mwambieni mwampenda mjukuu wake, kisha mumuulize yeye angependa mtoto huyu akulie wapi, na anahitaji nini ili iwe hivyo. Jibu lake lipelekeni kwa afisa ustawi wa jamii kama lilivyo, hata likiwa silo mliloliombea.